Jelagat na Mlango wa Sinagogi

Kila Jumapili Jelagat aliamka kabla ya mumewe. Aliomba kwanza. Kisha alikanda unga wa chapati, akaufunika kwa kitambaa, akaenda kupiga pasi skafu yake ya bluu. Skafu hiyo ilivaliwa na wahudumu wa mlangoni kanisani.

Kanisa lao lilikuwa dogo. Lilikuwa na watu kama sabini, wengi wao Wakenya, na halikuwa na jengo lake. Lilikodi ukumbi ndani ya sinagogi, yaani nyumba ya ibada ya Wayahudi, nje kidogo ya mji wa Lanham, katika jimbo la Maryland, Marekani. Jumamosi Wayahudi walisali. Jumapili alasiri Wakenya walisali.

Jelagat aliipenda kazi ya mlangoni kuliko kazi zote. Wiki nzima aliwaogesha wagonjwa katika kituo cha wazee, na huko hakuna aliyeweza kulitamka jina lake vizuri. Jumapili watu sabini walimshika mkono, wakimwita kwa jina la bintiye.

"Bwana asifiwe, Mama Chebet!"

"Asifiwe tena! Huyu ndiye mtoto? Jamani, ameshaota meno!"

Mlango wa sinagogi ulikuwa na jambo moja lililomsumbua. Ulijifunga wenyewe. Ukiuachia tu, umefungwa, na aliye nje hawezi kuingia bila namba za siri. Nao washirika walijulikana kwa kuchelewa. Ibada ilianza saa nane. Wenye bidii walifika saa nane na nusu. Wengine walifika saa tisa, wamebeba sufuria mikono miwili. Basi Jelagat aliweka katoni ya maji ya chupa mlangoni, mlango ukabaki wazi.

"Nyumba ya Mungu haifungwi," alisema. Mchungaji Mwaura alikubaliana naye.

Upande wa pili wa ujia kulikuwa na darasa la watoto wa Kiyahudi. Mwalimu Anna, mama mstaafu mwenye nywele nyeupe, aliwafundisha watoto kumi na mmoja kusoma Kiebrania. Mara nyingi alipita mlangoni, akaisogeza ile katoni, akasema, "Tafadhali, Jelagat. Ubaki umefungwa."

"Sawa, Mwalimu."

Mwalimu akigeuka, Jelagat aliirudisha katoni kwa mguu. Alidhani ni wasiwasi tu wa mtu mzima.

Jumapili moja ya mwezi wa Oktoba aliingia mwanamume mmoja. Alikuwa na umri wa miaka kama thelathini. Alivaa koti safi.

"Nimekuja kusali," alisema.

"Karibu sana, mgeni wetu!" Jelagat alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamtafutia kiti.

Wimbo wa pili ulipoanza, yule mtu aliinuka akatoka. Jelagat alidhani anatafuta choo. Kisha akasikia mtoto analia.

Alikimbia. Yule mtu alikuwa amesimama kwenye mlango wa darasa, ameinua simu, anawapiga picha za video watoto mmoja mmoja. "Haya, Wayahudi wadogo," alikuwa akisema. "Semeni majina yenu. Watu wanataka kuwajua." Mwalimu Anna alikuwa amesimama mbele ya watoto, amenyoosha mikono kama kuku anayefunika vifaranga.

Kimutai, mume wa Jelagat, alitoka ukumbini mbio. Alikuwa mtu mkubwa, mbeba mizigo katika ghala moja huko Landover. Yule mtu alimwona, akacheka, akatoka kwa mlango uleule alioingilia. Alipompita Jelagat alisema, "Asante kwa kunifungulia."

Polisi walikuja, wakaandika. Jioni hiyo Chebet, binti ya Jelagat, alimwonyesha mama yake simu. Video ilikuwa imeshasambaa. Nyuso za watoto zilionekana. Jina la barabara lilionekana. Chini yake watu wasiojulikana walikuwa wameandika maneno. Chebet alisoma mawili matatu, akaiweka simu kifudifudi.

"Endelea," mama yake alisema.

Chebet alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mengine hatayasoma.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na watoto watatu darasani. Viti vinane vilikuwa vitupu. Jelagat alisimama kwenye mlango wa darasa, skafu mkononi.

"Mwalimu, ni mimi niliyemwingiza. Nisamehe."

Mwalimu Anna alimkaribisha akae kwenye kiti kidogo cha mtoto, naye akakaa kingine.

"Sikukasirika kwa sababu ulimkaribisha mgeni," alisema. "Hata sisi tunafundishwa kumkaribisha mgeni. Huko Texas, miaka michache iliyopita, mtu alibisha kwenye sinagogi asubuhi ya baridi. Rabi, kiongozi wa ibada, alimfungulia, akampa chai. Baadaye yule mtu akatoa bunduki. Watu wanne walishikwa mateka kwa saa nyingi."

"Mungu wangu! Walikufa?"

"Walinusurika wote. Kule Pittsburgh hawakunusurika. Watu kumi na mmoja waliuawa wakiwa kwenye ibada. Na hapa jirani, mjini Washington, umesahau wale vijana wawili waliopigwa risasi nje ya makumbusho ya Kiyahudi?"

Jelagat hakuwa amesahau. Aliisikia habari hiyo kwenye redio, akasema pole, akaendelea kupika.

"Mimi nikiingia popote, kwanza natazama milango," Mwalimu aliendelea. "Nahesabu watoto, nahesabu milango. Gari langu naliegesha likiwa limeelekea njiani. Unamjua Noa, yule wa miaka saba? Baba yake amemvua mkufu wake wa nyota ya Daudi, alama yetu Wayahudi. Amemwambia shuleni asiseme kwamba yeye ni Myahudi. Mtoto ameuliza amekosa nini."

Jelagat aliikunja skafu mapajani.

"Watoto wasiporudi kabla ya sikukuu yetu ya Hanuka mwezi wa Desemba, darasa litafungwa. Watoto watatu si darasa. Nimefundisha katika chumba hiki miaka ishirini na sita."

Wiki hiyo Jelagat hakupata usingizi mzuri. Aliomba asubuhi, aliomba kwenye basi, aliomba huku akimkausha mgonjwa mgongo. Jumatano, baada ya kazi, alipitia kwa jirani yake, Vumilia. Vumilia alikuwa Mwislamu wa Tanga, muuguzi, aliyekaa Marekani zaidi ya miaka ishirini. Kimutai naye alikuja. Walimweleza yote.

"Mimi sielewi," Kimutai alisema. "Wayahudi si wana pesa? Si waajiri askari?"

Vumilia aliweka chini birika la chai.

"Shemeji, umeipekua mifuko ya nani? Huyo mwalimu mstaafu ana pesa gani? Hayo ndiyo maneno yenyewe! Yanaanza hivyohivyo, kwa utani, wana pesa, wanatawala dunia. Mwishowe mtu anaona ni halali kuwatisha watoto."

"Sikusema hivyo mimi. Lakini wengine wanasema ni kwa sababu ya vita vya huko Gaza."

"Mimi roho inaniuma kila siku kwa ajili ya watu wa Gaza. Nalia nao, nawaombea. Lakini mtoto wa miaka saba wa hapa Maryland amemuua nani? Miaka ile minara ilipoangushwa New York, mtu alinitemea mate dukani kwa sababu ya mtandio wangu. Mimi! Nimesimama nanunua vitunguu! Ukimlipiza mtu kosa la mwingine kwa sababu ya dini yake tu, hiyo ni chuki, haina jina jingine."

Kimutai aliinamisha kichwa. "Hapo umenipata," alisema.

"Sasa tufanye nini, dada?" Jelagat aliuliza.

"Hapo umefika mahali penyewe, shoga yangu. Ijumaa mimi nakaa mlangoni msikitini, upande wa wanawake. Na sisi tumetishiwa, tena si mara moja. Sikiliza. Mlango unafungwa. Weye unasimama ndani, unamtazama mtu kwa kioo kabla hujafungua. Humjui? Unamuuliza jina, na ndani anajulikana na nani. Unamwita huyo aje amtambue. Mpaka aje, mlango umefungwa."

"Na mvua ikinyesha?"

"Inyeshe. Unamwambia kwa adabu, samahani, subiri kidogo. Humchukii mtu, unauliza tu. Na zile namba za siri humpi yeyote, hata ndugu yako wa tumbo moja. Ukiona jambo la kutisha, unawapigia polisi kwanza, namba 911, halafu ndiyo unamwambia mchungaji."

"Mchungaji baadaye?"

"Baadaye! Mchungaji ana pingu?"

Kimutai alicheka mpaka chai ikamwagika. Jelagat hakucheka. Alikuwa anarudia maneno yale moyoni ili asisahau.

Jumamosi alizungumza na Mchungaji Mwaura. Mchungaji alikuna kidevu. Alisema watu watalalamika. Jelagat akamweleza habari za mkufu wa Noa. Mchungaji akasema, "Tumeishi katika nyumba ya watu kama wageni wasiouliza kitu." Kesho yake aliwaambia waumini utaratibu mpya, na akawaomba wote waliokuwa nayo ile video waifute, wasimtumie mtu mwingine.

Watu walilalamika kweli.

"Mama Chebet, siku hizi umekuwa polisi?"

"Wewe ninakujua, ingia. Huyo uliyekuja naye simjui."

"Ni shemeji yangu!"

"Basi ngoja mkeo aje amtaje. Pole, shemeji. Dakika moja."

Kila aliyebisha alimshtua, hata watu aliowazoea. Usiku mmoja aliota yule mtu wa koti safi anamshukuru tena. Jambo moja alilifahamu sasa. Hofu hiyo yeye aliivaa kwa muda wa saa tatu tu kila Jumapili. Mwalimu Anna alikwenda nayo sokoni, alirudi nayo nyumbani, na alilala nayo.

Novemba ilipita. Watoto wakawa wanne. Hanuka ilikuwa inakaribia.

Jumapili ya kwanza ya Desemba, kanisa lilikuwa linamngoja mhubiri mgeni, askofu kutoka Minnesota. Jelagat alisimama ndani, nyuma ya kioo cha mlango. Nje ilinyesha mvua ya barafu. Katika maegesho aliona gari moja limesimama, injini inanguruma. Ndani alikaa baba yake Noa, na Noa kiti cha nyuma. Hawakushuka. Dakika zilipita. Hawakushuka.

Teksi ikafika. Alishuka mzee mmoja wa koti refu, Biblia kwapani. Akabisha kwa nguvu.

"Fungua, dada!"

"Samahani, baba. Jina lako?"

"Askofu Christopher."

Jelagat alilijua jina hilo. Lakini sura yake hakuwahi kuiona. Hata yule mtu wa koti safi alisema amekuja kusali.

"Nani ndani anakufahamu, baba?"

"Ndani wananingoja wote! Unajua unazungumza na nani?"

"Sijui, baba. Ndiyo maana ninauliza."

Alimtuma Chebet akamwite Mchungaji. Mchungaji alikuwa katikati ya maombi, na maombi yake hayakuwa mafupi. Mvua ilizidi. Mzee aliinua Biblia akajifunika kichwa. Kwao Jelagat, kumwacha mtumishi wa Mungu nje ilikuwa aibu ya kusimuliwa miaka. Mkono wake uligusa kitasa. Akauondoa.

"Bwana," aliomba kimoyomoyo, "kama ni mtumishi wako, nisamehe. Kama siye, nisaidie."

Mchungaji Mwaura alikuja mbio. Alichungulia, akashika kichwa. "Ni yeye! Fungua!"

Askofu aliingia akichuruzika maji. "Mwaura," alisema, "hapa mnawafungia watumishi wa Mungu nje?"

Mchungaji alimtazama Jelagat. Kisha alitazama mlango wa darasa na wale watoto wanne ndani.

"Baba Askofu, tunamfungia kila mtu nje," alisema polepole. "Kisha tunafungua mmoja mmoja. Njoo ukae karibu na joto, nitakueleza."

Askofu hakufurahi, na siku hiyo alihubiri kwa kifupi. Lakini injini ya lile gari ilizimwa. Baba yake Noa alikuja amemshika mtoto mkono. Alibisha. Jelagat alimfahamu, hata hivyo alimwita Mwalimu Anna aje mlangoni. Ndipo akafungua.

"Nimekaa mle dakika ishirini," yule baba alisema. "Nilikuwa nimeshaamua kugeuza gari. Yule mzee ni nani?"

"Askofu wetu."

"Mmemweka askofu wenu kwenye mvua?"

"Tulikuwa hatumjui."

Yule baba aliuachia mkono wa Noa. Mtoto alikimbilia darasani, mkoba ukimrukaruka mgongoni.

Habari hiyo ilifika kwa wazazi wengine. Ilipofika Hanuka, darasa lilikuwa na watoto tisa. Wawili hawakurudi kamwe, na Mwalimu Anna hakuwalaumu wazazi wao. Darasa halikufungwa.

Baba yake Noa hakurudi tena kukaa kwenye gari. Alisimama na Jelagat mlangoni kila Jumapili, yeye akiwatambua watu wa upande wake, Jelagat wa upande wake. Hawakuwa na maneno mengi. Mtu akibisha, wote wawili waliinama kidogo, wakatazama kwa kioo kwanza.