Aliyekalia Kiti cha Mkuu

Jumatatu hiyo mwalimu mkuu alifika shuleni saa moja na dakika ishirini, akachukua daftari la mahudhurio ili atie sahihi kama kawaida, akakuta ameshatia. Jina lake lilikuwa mstari wa kwanza kabisa, saa kumi na mbili na dakika arobaini, na sahihi ilikuwa yake: ile herufi ya kwanza yenye mkia mrefu, na vitone viwili mwishoni ambavyo hakuna mtu angejisumbua kuviiga. Wino ulikuwa bado unang'aa. Ukurasa ulikuwa na harufu hafifu ya nywele zilizoungua.

Mtu mwingine angeshtuka. Yeye alilifunga daftari, akaenda kuketi.

Wiki tatu sasa alikuwa hivyo, kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa ajili ya jino, ganzi ikasambaa mwili mzima. Ilianza siku mumewe alipofungasha sanduku moja na kuondoka, akisema kwa upole kabisa kwamba amechoka, akawaacha mama yake mzazi na binti yao wa miaka tisa, Kidoti, mezani na vijiko mkononi. Siku ya nne ikaja barua: shule itaunganishwa na ile ya jirani, walimu wanane kati ya kumi na tisa hawatahitajika, na yeye aandike majina kabla ya mwezi kwisha. Aliisoma mara mbili, akaitia kwenye droo, akaenda kukagua vyoo. Hakulia kwa la mume wala kwa la shule.

Jumanne makamu wake, mwanamume mnene aliyebandikwa jina la Kengele kwa sababu ya sauti yake, aliingia ofisini akijifuta machozi ya kicheko.

"Mkuu, leo umetumaliza! Sijawahi kuona watoto wakicheka vile mstarini."

"Mstarini?"

"Si ile hadithi yako ya mbuzi aliyeingia chumba cha mtihani!"

Mkuu alikuwa ndiyo kwanza anatua mkoba. Katika miaka yake yote ya ualimu hakuwahi kusimulia hadithi mstarini. "Nashukuru," alisema, na Kengele akaenda zake akiwa bado anatikisika mabega.

Ikawa hivyo wiki nzima. Mzazi mkorofi alikuwa ameshatulizwa kabla yeye hajafika. Ratiba ya mitihani, ambayo hata hakuianza, ilikuwa imebandikwa ubaoni kwa mwandiko wake. Kiti chake kilikuwa na ubaridi wa sakafu ya bafu, ukipenya nguo mpaka mgongoni, na ile harufu ya nywele haikutoka hata madirisha yakiwa wazi. Kusema kweli, alipata nafuu. Akaanza kufika saa mbili, halafu saa tatu. Hakuna aliyemuulizia.

Nyumbani nako, Alhamisi, alimkuta Kidoti amesukwa mistari midogo midogo iliyonyooka kama imepigwa rula.

"Nani kakusuka?"

"Si wewe," mtoto alisema.

Mkuu hakujua kama lile lilikuwa swali au jibu. Alimpita, akajitupa kitandani na viatu vyake miguuni.

Kilichomfumbua macho kilikuja Ijumaa. Mwalimu wa hesabu, shoga yake tangu chuoni, aliingia ofisini bila kubisha hodi na kuweka karatasi mezani. Ilikuwa orodha ya majina manane, yote kwa mwandiko wa Mkuu. La kwanza lilikuwa la huyo shoga.

"Kuniandika, sawa, ni kazi yako," alisema. "Lakini ulivyoniambia, ulicheka. Ulinishika mkono, ukanitazama usoni, ukacheka."

"Lini?"

"Usinifanyie hivyo. Ni sasa hivi, chumba cha walimu. Nimekuacha huko umekaa, nikaja kukuwekea orodha yako mezani, na wewe..." Alitazama mlango aliouingilia, akamtazama Mkuu aliyekaa mbele yake na kikombe cha chai kilichofika nusu, kisha akarudi nyuma hatua mbili mpaka kabati likamzuia. "Umefikaje huku kabla yangu?" alinong'ona.

Mkuu aliinuka. Alipita kwenye korido, madarasa yakiitikia jedwali la saba huku na majina ya mito kule, na kadiri alivyokaribia chumba cha walimu harufu ya nywele zilizoungua ilizidi kumkaba koo, na sauti moja ikaanza kujitenga na nyingine zote, sauti ya mwanamke anayesimulia jambo kwa raha zake, akipandisha na kushusha, akikohoa kidogo kabla ya neno zito kama Mkuu mwenyewe afanyavyo, mpaka akafika dirishani na kujiona mwenyewe amekaa ameupa mgongo mlango, gauni lile lile la kijani alilolivaa asubuhi, shingo ile ile, walimu watatu wamemzunguka wakitabasamu. Na yule aliyekaa akageuza kichwa taratibu bila kugeuza mabega, akamtazama kupitia kioo kwa uso wake mwenyewe, isipokuwa uso ule ulikuwa umelala usingizi wa kutosha.

Kilimtazama, kikamkonyeza. Kisha kikaendelea na hadithi.

Hakupiga kelele. Alichukua mkoba, akaenda nyumbani saa nne asubuhi.

Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua mchele. Alimtazama mkwewe kwa muda mrefu, kisha akasukuma bakuli mbele yake. "Onja maji haya."

Mkuu alikunywa. Yule mama akaachia pumzi, akamsikiliza habari za shuleni mpaka mwisho, akasogeza kiti karibu.

"Mwenzio hanywi," alisema kwa sauti ya chini, akitupia jicho mlangoni. "Anakaa mezani anacheka na mtoto, lakini sahani yake haipungui. Nimejua tangu Jumanne, mwanangu."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningemwambia nani? Nilikuwa sijui yupi ni wewe. Mwanangu alipoondoka na wewe uliondoka, ila mwenzako alibeba sanduku." Akamshika kifundo cha mkono. "Yupo mkunga mstaafu ninayemfahamu, anayajua mambo haya. Kesho twende naye huko shuleni. Na mtoto aje, simwachi peke yake."

Jumamosi mchana shule ilikuwa tupu. Mkunga alikuwa mama mwembamba, miwani yake imefungwa uzi. Hakuja na vibuyu wala ubani. Alisimama kizingitini pa ofisi, akanusa, akasema, "Limekaa hapa."

Kiti kilikuwa kitupu, lakini mto wake ulikuwa umebonyea.

"Ni jini jike," alisema, "tena si kali sana. Linapenda maisha ya watu. Limekuta nafasi, likakaa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo hapa hapa."

"Hukuwepo." Hakusema kwa ukali. "Ingia ukae kitini kwako. Utakaa juu yake. Litakuomba. Usijibu kitu ila kulifukuza, na ulifukuze kwa sauti yako, maana yangu haliijui. Na ukitoka hapo, lolote lililofanywa kwa jina lako wiki hii, ulikiri au ulifute mbele ya wenyewe. Ukiacha hata moja, umeliachia kamba ya kurudia."

Mama mkwe alimziba Kidoti macho.

Mkuu aliketi. Ubaridi ulimpanda miguuni, ukapita kiunoni, ukamshika kifuani kama maji ya kisima, na kitu kikajikunja mgongoni mwake, mikono juu ya mikono yake, kidevu begani mwake, na sauti yake mwenyewe ikamwambia sikioni polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa: lala, mama, lala tu, nani atawaambia wale wanane, wewe? nani atampokea mumeo akija na maneno yake, nani atacheka na mtoto, mimi siumii, mimi sichoki, niachie hivi vidogo tu, na wewe ubaki na usingizi wako. Na jambo la kutisha kuliko yote, aliloliungama baadaye kwa shoga yake, ni kwamba alitaka kusema ndiyo, neno lilishafika ulimini, akaling'ata mpaka akaonja damu.

"Toka," alisema.

"Paza," mkunga alisema mlangoni.

"Toka kitini kwangu!"

Kiti kiliruka nyuma kikampigiza ukutani. Mlango wa ofisi ukajibamiza, kisha mlango wa darasa la kwanza, la pili, la tatu, korido nzima, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho kabisa. Kisha kimya. Harufu ilikuwa imekwisha.

Jumatatu aliwaita walimu wote. Aliichana orodha mbele yao, akasema haikuandikwa na akili yake, na kwamba ataandika nyingine nao wakiwa wamekaa. Waliiandika kwa siku mbili, kwa maneno makali, na jina la kwanza alitia lake. Kengele alilia waziwazi. Shoga yake alibaki kazini, akasamehe nusu. Mumewe alipokuja akidai amepigiwa simu ya machozi, Mkuu alimwambia hakupiga yeye, akamkaribisha amsalimie mama yake, akamfungulia mlango wa kutoka. Mambo hayo yalimuuma, lakini kwa mbali, kama jino ganzi inapoanza kulegea. Alidhani amemaliza yote.

Jumapili ya tatu, alasiri, alikuwa amemkalisha Kidoti uani, anamchana nywele.

"Mama, yule mwingine atarudi lini?"

"Harudi. Tumemfukuza, wewe ulisikia."

"Alifukuzwa shuleni," Kidoti alisema. Alikuwa anachezea kamba ya kiatu. "Aliniambia kwao kuna watoto wengi na mama hachoki. Akaniuliza kama nataka twende naye."

Kitana kilisimama. "Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia kwanza nimuombe mama ruhusa."

"Vizuri. Basi mama anakataa, umesikia? Anakataa."

Mtoto aligeuka, akamtazama kwa mshangao kama anayeona mtu mzima kasahau jambo dogo.

"Lakini nilishakuomba. Ulikuwa umesimama unatazama ukuta, nikakuvuta gauni, nikakuuliza mara tatu. Ukasema nenda." Akarudi kwenye kamba ya kiatu. "Yeye alikuwa hapo. Alisikia."

Kitana kilianguka. Kila kilicholala mwilini mwa Mkuu kiliamka kwa mpigo mmoja, kikauma. Alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akalia kwamba anaumia, akamwita mama mkwe kwa ukelele uliowatoa majirani wote nje.