Unyoya Katika Pijo la Babu

Ilikuwa Jumatano, tarehe sita Agosti 2025. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko, na baridi ya mtaa wa Kabiria, pembezoni mwa Nairobi, ilipenya hadi kwenye mifupa. Shule zilikuwa zimefungwa. Mwongeli, msichana wa miaka kumi na mitatu, alifagia ua, akawamwagia kuku mahindi, kisha akachungulia bandani.

Baba yake, Makau, alikuwa ameketi nyuma ya usukani wa Pijo kuukuu, macho ameyafumba. Midomo yake ilicheza kwa sala fupi. Akawasha. Gari likanguruma, likakohoa, likazimika.

"Tangu Jumatatu ni mchezo huu huu," alisema Makau. "Linaniamkua, halafu papo hapo linaniaga."

Makau alikuwa seremala, lakini kila nafasi aliyoipata aliitumia kulifufua gari hilo aliloachiwa na marehemu baba yake. Mzee huyo alikuwa ameahidi kwamba binti yake wa pekee, Syokimau, angepelekwa kanisani kwa Pijo hilo siku ya harusi yake. Harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi. Zilibaki siku tatu.

"Waulize wale watu wetu wa kwenye simu," Makau alimwambia bintiye.

Watu hao walikuwa wanachama wa kundi la WhatsApp lililoitwa Magari ya Wazee. Walimu, mafundi cherehani, madereva wastaafu, wote walipenda magari ya zamani. Ukiuliza jambo asubuhi, unajibiwa kabla chai haijapoa. Makau alifunzwa humo jinsi ya kufunga breki, ingawa hakuwahi kukutana na waliomfunza. Kwa kuwa macho yake hayakuona vizuri herufi ndogo, Mwongeli ndiye aliyemsomea na kumwandikia.

Kundi lilikuwa na sharti moja: anayeomba msaada huanza kwa kuweka picha ya injini yake kama ilivyo siku hiyo. Mwongeli alifunua boneti akashusha pumzi. Kutu. Vumbi. Manyoya. Kabla baba yake hajaanza kulitengeneza, gari lile lilikuwa nyumba ya kuku kwa miaka miwili. Naye aliyakumbuka maneno ya kijana mmoja, Fidel, aliyemcheka mwenzao wiki iliyotangulia: "Hii ni gari ama ni choo ya kuku?"

Mwongeli akatazama nyuma. Baba yake alikuwa akitafuta spana. Upesi upesi akatafuta mtandaoni picha ya injini nyingine ya Pijo, inayong'aa kama sufuria mpya, akaiweka kundini. Chini yake akaandika: "Inawaka kisha inazima. Tusaidieni, tuna harusi."

Jibu halikukawia. Lilitoka kwa Mzee Oloo wa mtaa wa Mutuini, ambaye wote walimheshimu. "Dalili hizo ni za kabureta isiyochanganya petroli na hewa vizuri. Nimeiona yenu katika picha, nami ninayo ya aina hiyo hiyo. Ninaituma leo."

Ilipofika saa sita, mtu wa boda boda alileta furushi lililofungwa kwa gazeti. Makau aliinua mikono juu. "Unaona, mama? Mungu hachelewi!"

Mwongeli, badala ya kusema amina, aliinama akafungua furushi.

Makau aliijaribu kabureta ile. Haikukaa. Aliigeuza, akaigeuza tena. Ilikuwa na matundu manne ya nati, na injini yao ilikuwa na nati mbili tu.

"Ajabu," alisema. "Mzee Oloo hakosei. Leo amekosea vipi?"

Mwongeli aliokota gazeti la furushi akalikunja. Alitoka nje, akarudi. Aliosha vikombe vilivyokuwa safi. Akatoka tena, akawahesabu kuku mara mbili, kila mara akapata idadi tofauti. Ndipo simu ikalia mfukoni mwake. Ulikuwa ujumbe wa Mzee Oloo.

"Je, imekaa? Niliifungua kwenye gari langu mwenyewe. Mke wangu Peres amekwenda kliniki kwa miguu na goti lake bovu, lakini si neno. Harusi haingoji."

Mwongeli alikwenda nyuma ya banda akapiga magoti kwenye majani yenye maji. Alijaribu kuomba gari lipone. Kila alipoanza, alimwona mama mzee akichechemea katika matope ya Mutuini. Mwishowe aliomba kitu kimoja tu: ujasiri. Akainuka, magoti yamelowa, akaenda moja kwa moja kwa baba yake.

"Baba, Mzee Oloo hakukosea. Ile picha niliyoweka si ya gari letu. Niliona aibu."

Makau aliifuta mikono yake kwa kitambaa, polepole, kidole baada ya kidole.

"Mimi nimekusamehe," alisema hatimaye. "Lakini uongo huu hukuusema hapa bandani. Uliusema wapi?"

"Kundini."

"Basi ukweli nao upeleke huko huko."

Mwongeli alipiga picha ya injini yao, kutu na manyoya na yote. Akaandika: "Mimi ni Mwongeli, binti ya Makau. Picha ya asubuhi niliiiba mtandaoni. Hii ndiyo injini yetu. Mzee Oloo, nisamehe. Baba hakujua."

Fidel alikuwa wa kwanza. "Si nilisema! Choo ya kuku kabisa!"

"Fidel, nyamaza," akaandika Stellah, kiongozi wa kundi. "Yako ilionekana hapa ikivutwa na punda. Picha tunazo."

Watu wakacheka, wengine wakampa Mwongeli pole. Lakini Mzee Oloo hakusema kitu. Dakika tano zikapita. Kumi. Mwongeli alizunguka gari mara nne, simu mkononi. Ndipo ukaingia ujumbe wa sauti nzito ya Mzee Oloo.

"Mwongeli, nimeikuza picha yako. Karibu na taa ya kushoto kuna bomba jeusi la kuvutia hewa. Mdomoni mwake naona unyoya, au ni uzee wa macho yangu? Mwambie baba atie mkono."

Makau alitia mkono. Alitoa unyoya, halafu majani makavu, halafu bonge zima: kiota cha panya kilichoshindiliwa manyoya ya kuku.

"Maskini!" alisema. "Gari lilikuwa halipumui!"

Akawasha. Pijo likanguruma, na safari hii halikunyamaza. Kuku walitawanyika ua mzima, naye Makau akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Ile picha ya kung'aa isingetuonyesha unyoya huu," alisema.

Jumamosi, Syokimau alishuka mlangoni pa kanisa kutoka katika gari la baba yake. Nyuma yake yalipangana magari manane ya wanakundi waliokuja kumsindikiza. Mwongeli aliwaendea Mzee Oloo na mkewe, akamkabidhi mzee kabureta yake kwa mikono miwili.

"Nyanya, nisamehe," alimwambia Peres. "Ulitembea na goti bovu kwa sababu yangu."

"Goti litapoa, mjukuu wangu. Ila njia nzima niliiombea ile injini ipone, kumbe naombea injini ya mtu mwingine!" Peres alicheka, na wote waliokuwa karibu wakacheka naye.

Mzee Oloo aliweka mkono begani mwa Mwongeli. "Sisi wa kundini hatuna macho ya kuona banda lenu. Tunaona kile mnachotuonyesha. Mgonjwa akimficha daktari kidonda, hata dawa nzuri itapakwa mahali pasipo na jeraha. Uchafu wa injini si aibu, mtoto wangu. Tuliingia kundini kwa sababu sote tuna magari mabovu."

"Hata mimi," alisema Fidel kwa sauti ya chini, akichezea funguo. "Na pole kwa ile ya kuku."

"Basi, Mwongeli," alisema Stellah, "wewe una neno?"

Mwongeli alimtazama baba yake, shangazi yake katika shela nyeupe, na wale watu ambao hadi siku hiyo aliwajua kwa majina tu. Akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye magari ya nyuma:

"Mbele za Mungu na mbele zenu nyote, naahidi: nikiomba msaada, nitaonyesha kitu kama kilivyo, hata kikiwa na kutu, hata kikiwa na manyoya."