Mlio wa Mkanda

Nyumba ya Wangechi pale Ngoingwa, mjini Thika, haikuwa na tone la mafuta ya taa. Alipikia gesi, na stima ikipotea aliwasha taa ya sola. Lakini Jumanne hiyo mchana, akiwa kwenye sofa anatazama habari, harufu ya mafuta ya taa ilimjaa puani, kisha akasikia mlio kiunoni: kach. Chuma kimeingia ndani ya chuma. Akajipapasa tumboni na hakupata kitu.

Kwenye runinga kulikuwa na ndege iliyoanguka, ya tatu mwezi huo. Wangechi alizitazama zote, akazirudia kwenye simu hadi akajua moshi wa kila moja ulielekea wapi. Na Jumamosi alipaswa kupanda ndege kwa mara ya kwanza, aende Ujerumani kwa binti yake Lynn, ambaye angepasuliwa Jumatatu ili mtoto atoke. Baba mtoto alikuwa ameshayeyuka bila hata kufika Ngoingwa kujitambulisha. Lynn hakuwa na mtu mwingine huko, na Wangechi alikuwa ameapa kwamba mtoto wake hatajifungua peke yake.

"Mum, wacha kuangalia hizo news," Lynn alimwambia kwa simu jioni hiyo. "Gari za Thika Road zinamaliza watu kuliko ndege. Ukishikwa na woga, vuta pumzi, hesabu hadi nne, achilia."

"Na ikianguka utanizika mahari gani, Lynn?"

"Mahali, Mum. Ma-ha-li. Mahari ni ile hakuna mtu ameleta."

Wakacheka wote wawili. Kicheko cha Wangechi kilikatizwa na ule mlio, kach, na safari hii kitu kikamkaza kiuno mpaka akakosa pumzi.

Alhamisi mumewe Kahiga alirudi kwa chakula cha mchana, akamkuta kwenye sofa macho yamekodolea runinga, na blauzi yote imelowa damu kiunoni.

"Mama Lynn, zima hiyo kitu."

"Siwezi kusimama," akanong'ona. "Baba Lynn, kuna mtu amenifunga. Usiongee kwa nguvu, atasikia."

Kahiga alinyoosha mkono achukue rimoti, na kitu asichokiona kikamdaka mkono huo, kikakipinda kidole chake cha mwisho nyuma hadi kikalia, kikashika kilichofuata, na cha tatu, bila haraka, kama mtu anayevunja kuni za kuwashia moto, na yeye akiwa bado anapiga mayowe mkewe akanyanyuliwa juu akiwa ameketi vilevile, magoti yamekunjwa, kichwa kikagonga dari, akabamizwa chini, akanyanyuliwa tena, akabamizwa tena, runinga ikapasuka, na kinywani mwa Wangechi ikatoka sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu anayetangazia abiria: "Kaeni chini. Fungeni mikanda. Tunaanguka."

Kahiga ni mzee wa kanisa. Siku nyingine angekufa kwanza kabla ya kumwita Bi Hayat, yule muuza udi na viungo wa sokoni Thika anayesifika kwa kutoa majini. Lakini vidole vitatu vilivyofungwa plasta vilikuwa vimemfunza adabu, na Jumamosi ilikuwa inakaribia. Ijumaa adhuhuri Bi Hayat akafika na chetezo chake.

"Woga ni wako, mama, huo siutoi," alimwambia Wangechi. "Hata mimi ndege naziogopa. Namtoa huyu aliyeukuta mlango wazi akaingia kukalia mahali pako. Akitoka ataacha kitu. Kishike mkononi, useme maneno matatu tu: nimepokea mahali pangu. Usiongeze, usipunguze."

Moshi wa udi ulipoanza kupanda, kabati ya vyombo ilianguka kifudifudi, chetezo kikamrukia Bi Hayat usoni kikamng'oa meno mawili, naye akaendelea kusoma huku anatema damu, na Wangechi akaburutwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, mbavu zikilia, tumbo likakamuliwa kama nguo inayofuliwa, hadi akatapika damu nzito na ndani yake kipande cha chuma cha bapa, kifungo cha mkanda wa ndege, kingali cha moto. Akakifumbata.

"Nimepokea mahari pangu!" akapiga kelele.

Nyumba ikatulia. Harufu ya mafuta ikatoweka. Kwenye kona mtu alicheka polepole, kwa furaha, wala hakuna aliyemsikia.

Bi Hayat amezaliwa na kulelewa Thika. Masikio yake yamezoea majirani wanaotamka hivyo tangu utotoni, na hakuona tofauti yoyote.

"Ametoka," alisema, akajifuta damu mdomoni.

Jumamosi asubuhi Wangechi alipanda ndege. Woga ulikuwepo, ila sasa uliweza kubebeka. Alivuta pumzi, akahesabu hadi nne, akaachilia. Milango ikafungwa, ndege ikapaa, akaona mabati ya Ruiru yakimetameta chini, akatabasamu. Jamani, hata akajisikia fahari.

Kach.

Kiti cha kando kilikuwa kitupu. Mkanda wake ulikuwa umefungwa, umekazwa juu ya mapaja ambayo hayakuonekana. Mafuta ya taa yakamjaa puani.

"Mama mkwe," sauti ikamnong'oneza kwa heshima nyingi. "Mahari uliipokea kwa mkono wako, na watu wakishuhudia. Lynn anajua ninakuja?"

Wangechi alimwita mhudumu, akamwonyesha. Mhudumu aliona kiti kitupu, akampigapiga begani, akamletea maji. Wangechi alihesabu hadi nne, akarudia, akarudia tena. Kwenye skrini ya ramani mbele yake kindege kidogo kilikuwa kinasogea kuelekea Ujerumani, na nyuma ya kiti chake mtoto wa abiria mwingine alikuwa anacheka na mamake.

Wangechi akafumba macho, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaomba ndege ianguke.