Taa za Karungu na Daktari wa Nyota

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare, Lorine humsaidia mama yake kuanika omena, dagaa wa Ziwa Victoria. Nyavu kuukuu hutandazwa mchangani pale ufuoni Karungu, omena humwagwa juu yake, kisha inabaki kazi ya kuigeuza na kuwafukuza kunguru. Lorine hupenda kuwafukuza kunguru huku akisoma kitabu cha sayansi, ingawa mama yake, Risper, hudai kwamba wanaonufaika na masomo hayo ni kunguru.

Wiki moja omena ilikuwa imekauka vizuri, lakini magunia yalikuwa yamejaa nyumbani bila mnunuzi. Mzee Osman, mfanyabiashara wa Awendo, mji wa mashamba ya miwa, ambaye huinunua yote, alifika ufuoni mikono mitupu, uso umemshuka.

"Mama Lorine, walahi mimi sina neno na omena yako," alisema. "Lakini wateja wangu wameisikia redio. Wanasema samaki wa Karungu wamepigwa miale na watu wa angani. Hata wakata miwa wenye njaa hawaitaki!"

"Watu wa angani gani tena, Mzee?"

"Muulize Daktari Mokua."

Daktari Mokua alikuwa daktari wa nyota, si wa sindano. Alikuwa amesoma chuo kikuu, na kipindi chake cha redio kuhusu sayari kilipendwa sana. Lorine alikuwa hakikosi. Sasa daktari huyo alikuwa amepiga kambi kwenye kilima juu ya Karungu na darubini yake, na alikuwa ametangaza kwamba safu za taa alizoziona ziwani usiku ni vyombo vya wageni kutoka sayari nyingine, na kwamba miale yao inapenya majini.

Risper alicheka mpaka akaketi mchangani, akamgeukia binti yake. "Hizo si taa za kina baba yako, nyathina? Omena huvuliwa kwa taa. Hata mtoto wa chekechea hapa anajua!"

"Mimi najua, wewe unajua," Mzee Osman alijibu kwa huzuni. "Lakini yeye ni daktari."

Risper akaacha kucheka. Omena isiponunuliwa, chakula cha nyumbani kingetoka wapi? Lorine naye hakuwa amecheka tangu mwanzo. Maneno yale yalimuuma. Mtu anayejua mengi kiasi kile angewezaje kukosea jambo dogo kama taa? Au labda, katikati ya taa za wavuvi, kulikuwa na nyingine zisizo zao? Wazo hilo lilimsisimua na kumtisha kwa pamoja.

Shuleni alimweleza Mwalimu Nyakerario, mwalimu wao wa sayansi. Alidhani mwalimu atacheka kama mama, lakini hakucheka.

"Tusimcheke bado, na tusimwamini bado," Mwalimu alisema. "Anasema taa huonekana lini?"

"Usiku wa giza, Mwalimu. Mwezi ukiwa mpevu zinapotea. Anasema wageni hujificha."

"Na wavuvi je?"

"Mwezi ukiwa mpevu omena haifuati taa, kwa hivyo wavuvi hupumzika."

"Basi maelezo yote mawili yanalingana na alichokiona. Tafuta usiku ambao maelezo hayo yanaachana."

Lorine alikuna kichwa siku nzima. Jioni, akirudi nyumbani, alipita karibu na boma la marehemu Zadock, mvuvi aliyezama mwezi uliotangulia, akaliona kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mwekundu. Alisimama ghafla. Siku zote za matanga yale hakuna mtumbwi uliosukumwa majini, kwa sababu desturi ya ufuo ule ni kwamba wavuvi hawaendi ziwani mpaka mwenzao azikwe. Na wiki ile hakukuwa na mwezi angani hata kidogo!

Asubuhi alimkimbilia Mwalimu. "Kama taa ni za wavuvi, wiki ile ziwa lilikuwa giza. Kama ni za wageni, zilionekana kama kawaida. Wageni hawakumjua Zadock!"

"Vizuri sana. Na akisema aliziona?"

Lorine aliyafikiria magunia yaliyojaa nyumbani. "Basi nitakuwa nimekosea mimi."

"Bado utauliza?"

"Nitauliza."

Jumamosi Daktari Mokua alikuwa na mhadhara Homa Bay, na Mwalimu akampeleka Lorine. Risper na Mzee Osman nao hawakutaka kusimuliwa, wakafuatana nao. Ukumbi ulijaa hadi milangoni. Daktari alieleza habari za sayari kwa utamu hata Lorine akasahau kilichomleta, kisha akaonyesha picha za taa zake, watu wakaguna kwa hofu. Wakati wa maswali ulipofika, Lorine alisimama.

"Daktari, naitwa Lorine, natoka Karungu. Ile wiki ya giza mwezi uliopita, ulikuwa kilimani?"

"Kila usiku, binti yangu."

"Uliziona taa?"

Risper aliikamata leso yake kwa mikono miwili.

"Swali zuri!" Daktari alitabasamu. "Hiyo ndiyo ajabu yenyewe. Ziwa zima lilikuwa giza. Taa zilirudi Jumapili, zote kwa pamoja. Naamini wageni walikuwa wamekwenda kwao kwanza."

Lorine alivuta pumzi. "Wiki hiyo tulikuwa na matanga. Mvuvi wetu alizama, na kwetu mtumbwi hausukumwi majini mpaka mwenzetu azikwe. Tulimzika Jumamosi, wavuvi wakarudi kazini Jumapili. Daktari, hao wageni nao walikuwa matangani?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na aliyecheka kuwashinda wote ni Mzee Osman. Lakini Lorine alikuwa bado amesimama. "Naomba kuuliza moja tu zaidi. Ni jambo gani linaweza kukuonyesha kwamba umekosea?"

Daktari aliivua miwani yake, akaifuta polepole.

"Hakuna," alisema. "Nimesoma miaka mingi. Najua nilichokiona."

Hakuna aliyecheka tena. Lorine alimwonea huruma, machozi yakamlengalenga.

Nje, Mzee Osman alikuwa tayari kwenye simu na watu wa Awendo. "Jumatatu nachukua magunia yote, Mama Lorine," alisema. "Hii habari ya matanga itauza omena kuliko tangazo!" Risper alimkumbatia binti yake kwa furaha, lakini Lorine alikuwa na jambo moyoni.

"Mwalimu, kwa hivyo hata zile habari za sayari alitudanganya?"

"La. Hizo zimechunguzwa na watu wengi kwa darubini zao, na hata wewe ukipata darubini utajionea. Habari ya taa aliisema peke yake, na hakushuka kilimani kumuuliza mtu yeyote."

"Na wageni wa angani, wapo?"

"Sijui, Lorine. Siku mtu akileta ushahidi, nitakuwa wa kwanza kuutazama. Masomo ya mtu yanatosha kutufanya tumsikilize, lakini hayatoshi kutufanya tumwamini. Leo ulisimama ukijua kwamba jibu moja lingeweza kukuangusha, na bado ukauliza. Yeye hakutaka jibu lolote limwangushe. Kwa hivyo, leo ukumbini, mwanasayansi alikuwa wewe."