Besi Lililoegemea Kona

"Futa hilo besi kwenye rekodi."

"Siwezi, Mjomba. Hakuna aliyelipiga."

"Basi komputa yako imeota. Ndiyo mambo yenu hayo, muziki wa kubonyeza."

Mpwa wake, msichana wa kurekodi, aliirudisha rekodi mwanzo. Studio yake iliishi kwa nyimbo za komputa, lakini mjomba, mpiga piano, alitaka santuri moja tu ya jazi kabla mikono haijazeeka: piano, besi na ngoma, bila umeme, chumba kimoja, wote kwa pamoja. Mpiga besi alikuwa amefariki mwezi uliopita. Wawili waliobaki, mjomba na mpiga ngoma, walipoingia, walilikuta besi la mbao, fidla kubwa ya kusimama, limeegemea kona. Hakuna aliyeuliza limefikaje. Kwa heshima ya marehemu wakaliwekea maikrofoni, wakapiga bila yeye.

Sasa lilisikika kwenye rekodi. Dum, dum, polepole, na chumba kikanuka mafuta ya karafuu, yale aliyokuwa akipaka vidoleni.

"Zima maikrofoni yake," mpiga ngoma alinong'ona.

"Nimezima. Sauti yake imevujia kwenye maikrofoni zote. Nikimtoa yeye, nawatoa na nyinyi."

"Basi hili ni jini."

"Jini gani anajua jazi?" mjomba aliuliza.

"Tumemwekea maikrofoni, kaka. Mgeni akiwekewa kiti, hukaa."

Mjomba alishikilia warudie kurekodi, wapate isiyo na besi. Kila waliporudia besi lilisogea karibu zaidi, likaziwahi noti za chini kabla mkono wake wa kushoto haujazifikia, na mkono ule ukaanza kufa ganzi, kidole kimoja, kisha viwili, kisha kiganja kizima, mpaka ukalala juu ya piano kama soksi iliyovuliwa huku noti zake zikiendelea kusikika, na mjomba akautazama bila hofu wala huzuni, kama mkono wa mtu mwingine.

"Hauumi," alisema. "Hilo ndilo baya."

Mpwa alimpigia simu mjane wa marehemu aje alichukue besi la mumewe. Mama yule alifika alasiri ile ile, akasimama mlangoni, akaitazama kona.

"Nani aliwaletea hilo?"

Mjomba alimtazama mpiga ngoma. Mpiga ngoma alimtazama mjomba.

Mjane akarudi nyuma hatua moja.

"Shemeji," alisema, "la mume wangu liko nyumbani. Nimelipangusa vumbi asubuhi hii."