Bomba Lililoshikwa Darini

Haya yalimpata Audilio, mume wa binamu yangu Fresia, hapa hapa Chonchi, mji wetu wa kisiwani. Fresia ndiye aliyenisimulia, uso ameuficha kwenye aproni.

Ilikuwa Jumapili kama nyingine. Mvua ya kisiwa chetu cha Chiloé inanyesha, kibuyu cha chai chungu kinazunguka mkono kwa mkono, na Fresia anakaanga milcao, mikate yetu ya viazi. Audilio alikuwa anajisifu kwa wageni kuhusu jiko jipya la kuni. Alilifunga mwenyewe, hakutaka fundi. Bomba la moshi lilipofika darini lilikuta boriti kuu, akalipinda kona mbili ili kuikwepa, ndipo likatokeza juu ya paa. Kile kipande kilicholala upande hakukiwekea kitu cha kukishikilia. Kilining'inia tu.

Mama yake Fresia, bibi Herminda, aliishi nao. Akasema mbele ya wageni, "Audilio mwanangu, bomba linalia huko juu. Lifungie hata ukanda wa bati. Litatuunguza."

"Panya hao, mama."

"Panya gani wanalia hivyo?"

Audilio akawakonyeza wageni. "Basi panda wewe ukalishike!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Bibi Herminda akainamisha kichwa, akajivutia shali yake. Fresia naye alicheka kidogo, ili asimwangushe mumewe. Mpaka leo hilo linamchoma.

Kabla baridi haijaisha, kifua kilimlaza bibi Herminda. Siku ya mwisho alimwita mkwewe. "Ulilifunga?"

"Nimelifunga, mama. Pumzika."

Hakuwa amelifunga.

Baada ya maziko, mlio wa darini ulibadilika. Haukuwa tena wa bati. Ilikuwa pumzi, pumzi nzito ya mtu aliyebeba mzigo muda mrefu. Tena mchana kweupe, jiko likiwaka.

Fresia akamgeukia mumewe. "Si ulisema umelifunga?"

Audilio hakuweza kumtazama. Akachukua tochi, akapanda ngazi.

Huko juu, kona ya chini ilikuwa imechomoka. Skrubu zimedondoka. Bomba lile lilipaswa kuwa limeanguka, linatema cheche kwenye mbao kavu. Halikuanguka. Lilikuwa limetulia pale pale, mdomo kwa mdomo na kona yake.

Chini yake hapakuwa na kitu.

Akasogeza tochi. Juu ya bati la bomba lenye masizi palikuwa na alama za viganja. Viwili. Vidogo.

Kisha mnong'ono, karibu kabisa na sikio.

"Umefika, mwanangu? Shika. Nimechoka."

Audilio hakukimbia, na kwa hilo namheshimu. Alilikumbatia bomba kwa mikono mitupu. Papo hapo uzito wote ukamshukia.

Lilikuwa la moto.

Fresia alimsikia akipiga kelele, "Mikanda! Leta mikanda na nyundo!" Alipofika juu alimkuta amelishikilia, machozi yanamchuruzika, anarudia neno moja tu: "Mama. Mama. Mama."

Fresia akapitisha ukanda wa bati chini ya bomba, akaupigilia kwenye kenchi ya paa. Akaupigilia na wa pili.

"Nilikudanganya," Audilio akasema huku viganja vikitoka malengelenge. "Na yeye nilimdanganya. Yuko kitandani anakufa, nikamdanganya."

Fresia aliendelea kugonga misumari. Alichelea kwamba akifungua kinywa atasema kitu kisichorudishika.

Bomba likashika. Halikutikisika. Pumzi ikakoma.

Wakaanza kushuka, Fresia mbele. Katikati ya ngazi akasimama.

Kila kipandio kilikuwa na unyayo wa masizi. Wa mguu mtupu. Zote zinashuka. Alipopanda muda mfupi tu kabla, ngazi ilikuwa safi.

Nyayo zilivuka jikoni, zikaishia mbele ya jiko. Pale zilisimama pamoja, vidole vimeelekea moto, kama mtu aliyetoka kwenye baridi.

Siku hizi Audilio akiingia jikoni huvua kofia na kutazama chini, kama mgeni asiye na uhakika kama atakaribishwa. Fresia alizisugua zile mbao za sakafu kwa sabuni na mchanga, nyayo zisitoke. Mwishowe waling'oa sakafu, wakaweka mbao mpya.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea. Jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi. Niliinama nikagusa sakafu mpya mbele yake.

Kidole kilitoka cheusi. Na masizi yalikuwa bado ya moto.