Tandiko la Mheshimiwa

Alfajiri, kabla taa za minara ya Tabora hazijazimwa, kitakasio, mashine ya kusafishia vitu, kilifungua kinywa na kuimeza nyumba nzima ya panya. Kilimeza gurudumu la kukimbilia, bomba la karatasi ngumu, ngazi ya kamba, kipande cha mti wa kuguguna na tandiko lote. Kikasaga, kikachemsha, kikaumba upya. Gurudumu lilikuwa lile lile na bomba lile lile, ila vyote vilitoka vipya kabisa, na tandiko lilikuwa jeupe kama sembe. Mwenye nyumba, panya mdogo wa kijivu, alisubiri pembeni ndani ya kisanduku cha kioo kama mpangaji aliyetolewa nje na dalali.

Nyamizi, mhandisi aliyekibuni kitakasio, hakuchoka kukitazama. Kizimba kilikuwa sebuleni kwake, ghorofa ya arobaini, na kila kilichomo alikichagua mwenyewe. Gurudumu lilikuwa na uso mzima, maana kwenye magurudumu ya vijiti panya hunasa mkia. Mti haukupakwa rangi wala dawa. Pamba hakuitia kabisa, kwa kuwa nyuzi zake humfunga panya miguu. Tandiko lilikuwa la karatasi laini iliyochanwachanwa.

"Huyu panya ana makazi mazuri kuliko diwani," mama yake, Bi Kalunde, alisema siku ya kwanza. Tangu hapo panya akaitwa Mheshimiwa.

Cheo hicho hakikuwa cha bure. Kitakasio kilikuwa na pua-umeme iliyonusa kila harufu isiyo ya kitu kipya, ikaifuta. Kiwanda kilitaka kukijenga ndani ya kuta za nyumba za watu, kiwe kinatakasa mashuka, mapazia na nguo wenyewe wakiwa kazini. Lakini wataalamu wa afya waliuliza swali moja: je, kiumbe anaweza kuishi mahali pasipobaki harufu yoyote, hata yake mwenyewe? Wakakubaliana aulizwe panya, kwa sababu panya huijua dunia kwa pua. Akitulia yeye, binadamu hatashindwa.

Mheshimiwa alitulia. Alikula, akanenepa, akalala fofofo. Jumatatu Nyamizi angetia saini, na kitakasio kingeingia katika kila nyumba mjini.

Kwake kilikuwa kimeshaingia, kwa majaribio. Bi Kalunde alipohamia hapo baada ya kufiwa na mumewe, alikuja na koti la marehemu, koti zito la mrina asali lililoshika moshi na nta kwa miaka mingi. Wiki ile ile kitakasio kililichukua, kikalirudisha jipya. Mama alisema, "Ahsante, mwanangu," akalitundika, na hakuligusa tena. Usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu, na chakula akawa anakionja tu. Nyamizi alijiambia kuwa ni uzee na msiba.

Ijumaa hiyo mama alilazwa hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Jumamosi Mheshimiwa akabadilika. Alizunguka kizimba bila kupumzika, akaguguna nyaya mpaka mdomo ukamtoka damu, akalivuruga tandiko na kulitupa nje. Chakula hakukigusa. Nyamizi alikagua gurudumu, akapima bomba, akabadilisha maji. Kila kitu kilikuwa salama, na panya alikuwa anakwisha. Jumapili, kitakasio kilipomaliza kazi yake, Mheshimiwa alijikunja kwenye kona akitetemeka. Nyamizi alikizima, akaenda hospitali akiwa na koti lake la kazi alilolivaa siku zote hizo bila kulivua.

Bi Kalunde alikuwa ameketi kitandani, bandeji machoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mheshimiwa analalaje?"

"Halali, wala chakula hali. Sijui nimekosea wapi."

"Umemrudishia cha kwake?"

"Kipi?"

"Lo! Kumbe hujui." Bi Kalunde alipapasa pindo la kanga yake, lililokuwa tupu. "Kila alfajiri, kabla hujaamka, mimi namchukulia konzi ya tandiko lake la zamani. Nalifunga hapa pindoni. Mashine yako ikishapita, nawe ukienda kuoga, namrudishia. Analinusa, analizungushia lile jipya, analala."

Nyamizi akavuta kiti. "Mama, majaribio yote yalikuwa yanamtegemea yeye. Kesho natia saini kwa sababu ya usingizi wake."

"Hayo ya saini sikuyajua. Ungeniambia ningeacha." Sauti yake haikuwa na lawama. "Mimi nilimwonea huruma tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu, na kitanda cha namna ile mimi nakilalia. Kila nikiamka kwako naona niko ugenini. Shuka halinijui. Nikasema, basi angalau mmoja humu ndani aamke akijua yuko kwake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha mno. Nani amvunjie mtoto wake furaha?" Kisha akainamisha kichwa, akanong'ona kama anayeomba kitu ambacho si haki yake. "Sasa na ule mfuko, uko salama?"

"Mfuko gani?"

"Wa koti la baba yako. Nilikata mmoja wa ndani kabla mashine haijalichukua. Pua ya mashine yako inapekua kabati na mito, ila kizimbani inaingia alfajiri tu. Basi nikauficha chini ya tandiko la Mheshimiwa, na alfajiri nautoa pamoja na konzi yake. Analala humo. Nami nikimrudishia, kwanza naunusa."

Jumamosi alfajiri Nyamizi alikuwa amesimama mbele ya kizimba na kikombe cha chai, akitazama kinywa kikifunguka. Aliona kitu cheusi kikipita kati ya karatasi. Alidhani ni uchafu, na alifurahi kuona mashine inavyofanya kazi.

"Unalia," mama akasema.

"Nisamehe, mama."

Midomo ilimcheza Bi Kalunde, lakini machozi yake, kama yalikuwepo, yalibaki ndani ya bandeji. Mwishowe akanyoosha mkono, akamshika mwanawe bega, akaupitisha kwenye mkono wa koti la kazi na kulileta puani.

"Hili limepitishwa kwenye mashine?"

"Bado."

Jumatatu Nyamizi hakutia saini. Mkurugenzi alifoka, akataja hasara, akataja miaka ya kazi. Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho na kusema kwamba panya amekataa. Jioni akamrudisha mama nyumbani, akiwa bado na koti lile lile.

Kabla hata ya kuketi, Bi Kalunde aliomba mkasi.

"Vua koti."

Alikata mifuko yote miwili ya ndani, taratibu, kwa kupapasa. Mmoja akauingiza kizimbani, na Mheshimiwa, ambaye tangu Jumapili alikuwa amelala juu ya tandiko asilonyang'anywa na mtu, akaunusa na kuingia ndani. Wa pili mama aliusogeza puani, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Jasho na mafuta ya mashine," akasema. "Ndiye wewe."

Akaufunga pindoni, akakaza fundo.

"Mama, mashine nimeshaizima."

"Najua. Baba yako nilimchelewa. Wewe sitakuchelewa."